Barua kwa mwanangu: hao wavulana wako 41

Mama yangu, mwanangu,

Meseji yako niliipata juzi usiku nikaisoma mara tatu, ya kwanza nilicheka, ya pili nikakuonea huruma, ya tatu nikajiona mimi mwenyewe mle ndani. Umesema darasani kwako una wavulana 41, wa miaka 13 na 14, kazi wanaianza kwa kelele wanaiacha katikati, homuweki anafanya mmoja wengine 40 wanakopi mpaka na makosa yake, akitokea wa kujituma wanamwita profesa kwa dharau mpaka anaacha, na ukiwaambia wasome kitu ambacho hakitoki kwenye mtihani wanakuangalia kama umewaambia wameze shubiri. Alafu mkuu wako kakupa kipindi kimoja kwa wiki uwafundishe maadili. Ukamalizia na swali, "Baba, uliwezaje nyumbani na kule karakana?"

Nianze na ukweli, sikuweza na wote. Kaka yako mkubwa nilimharibia.

Unaikumbuka ile adhabu ya kurasa kumi? Ulikuwa mdogo, labda huikumbuki. Kaka yako akivunja kitu, akichelewa kurudi, akijibu ovyo, namwambia kaa hapo, soma kurasa kumi, ukimaliza uje unisimulie. Nilijiona mjanja kweli, wenzangu wanachapa mimi naadhibu kwa elimu, na wazee wenzangu nikawa nawapa darasa juu ya hilo. Miaka imepita, kaoa, ana watoto wake, siku moja tumekaa ananiambia tena kwa utani, baba mimi mpaka leo nikiona kitabu kinene tumbo linavuruga, najiuliza nimekosa nini. Nilicheka naye pale, usiku sikulala. Kwa miaka kama mitano nilikuwa namfundisha mwanangu, tena kwa bidii, kwamba kitabu ni fimbo. Kwa hiyo kama barua hii utaisoma nusu tu basi bakia na hili, usimwadhibu mvulana kwa kusoma, wala kwa insha, wala kwa kumfungia maktaba. Na usinijibu kwamba basi utawapa kufagia, kufagia nako ni kazi na kazi ndo unataka waizoee bila kinyongo. Mkosaji mkalishe dakika kumi bila kitu chochote mkononi. Kwa mvulana wa miaka 13 kukaa bure dakika kumi ni mateso, we jaribu utaniambia.

Mdogo wako nilimpata kwa njia nyingine na wala haikuwa akili yangu, ilitokea tu. Nilikuwa na kile kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, nakala yangu imechakaa jalada limeshikwa na gundi ya mbao. Jioni moja nikaanza kukisoma kwa sauti, si kwa ajili yake, mi mwenyewe nikisoma kimyakimya macho yanafunga. Yeye kalala chini anachezea visoda, hana habari. Nikafika pale yule mjumbe wa mfalme kalala nyumbani kwa Adili, usiku anachungulia anamwona mwenyeji wake, huyo mtu mwema anayesifiwa na kila mtu, kashika mjeledi anawachapa manyani wawili. Visoda vikanyamaza. Akauliza, kwa nini anawachapa? Mi kweli nilikuwa nimechoka, nikamwambia sijui, kesho, nikachomeka kipande cha msasa kwenye ukurasa nikaenda kulala. Asubuhi nakuta msasa upo ukurasa uleule, ila nilikuwa nimeulaza upande wa kukwaruza chini na sasa umelala juu. Kasoma mpaka kajua wale manyani ni kina nani, alafu akaurudisha ili nisijue! Sikumwambia kitu. Jioni nikaendelea kusoma pale nilipoishia na yeye akakaa kimya anajifanya hajui, nikamwacha na siri yake maana nilijua ningesema tu "hongera umesoma" ningeirudisha ile karata mikononi mwangu, ingekuwa ni kitu cha baba tena.

Sasa we una 41 siwezi kukwambia ukae na kila mmoja jioni. Lakini dakika kumi za mwisho za kipindi unazo. Wasomee kwa sauti, wewe mwenyewe, wasikudanganye kwamba wamekua, mtu wa miaka 14 anapenda kusomewa kama wa miaka minne ila hawezi kukiri mbele ya wenzake. Soma vizuri, sauti za watu zibadilike, na ukate pabaya. Pabaya kabisa, mlango umegongwa, nani yuko nje, kengele. Alafu kitabu usiondoke nacho, kiache juu ya meza kama umekisahau. Wala usiwaulize maswali ya ufahamu, wala funzo la hadithi, nakuomba. Siku utakayowaambia waandike funzo la hadithi ndo siku manyani watageuka kuwa mtihani.

Haya, kuhusu uvivu. Mi neno "jitume" nililiacha zamani kule karakana yangu ya useremala kwa sababu niliona halifanyi kazi yoyote, unalisema linaruka linapotea. Kijana akija mpya nilikuwa simpi mlango wala kabati, nampa droo moja. Na kwenye droo nampa upande wa chini, ule ambao mteja hatauona maisha yake yote mpaka siku ya kuhama. Namwambia piga msasa hapa mpaka ukipitisha nyuma ya mkono usisikie kitu, ukimaliza niite. Nyuma ya mkono, si kiganja, kiganja cha fundi ni kigumu kinadanganya. Ataita baada ya dakika tano, napitisha mkono, namrudishia bila kusema neno, ataita tena, narudisha, mara ya nne au ya tano hapo anapitisha mwenyewe kwanza kabla hajaniita. Siku hiyo hapo ndo nilikuwa najua huyu atakuwa fundi, siku aliyojirudisha mwenyewe. Wengine ilichukua wiki, mmoja alichukua miezi miwili na leo ana karakana kubwa kuliko yangu.

Unaona nilichokuwa napima. Kazi ndogo, ina mwisho, ina kipimo ambacho hata yeye anaweza kukishika, na mimi nipo hapohapo pembeni nina randa yangu nafanya ya kwangu. Hilo la mwisho ndo kubwa na ndo walimu wengi mnalikosa, samahani kwa kusema. Kijana ukimwambia afanye kazi we umekaa unachati, anachojifunza ni kwamba ukikua unapata nafasi ya kukaa na kuchati. Ukiwapa hesabu tano, na we kaa chini fanya hesabu tano ngumu kuliko zao, jasho likutoke, futa, rudia, waone. Na wape tano, si 30, ila zile tano zirudi mpaka ziwe safi.

Kwenye kukopi na uongo nina kisa kimoja kinaniuma bado. Kuna kijana alipasua ubao wa mlango wa kabati la mteja, akauziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao akapaka vanishi juu, ukiangalia haraka huoni. Mteja akaurudisha baada ya wiki mbili umefunguka. Nikaingia karakana nimeushika, nafoka, "Nani kafanya hivi?" Vijana sita, wote wakakana, mpaka wale ambao hawakuwepo siku ile walikana kwa kiapo. Nikawaita waongo wote. Baadaye nikitulia nikaona hapana, huo uongo nimeununua mimi, swali nililiuliza kwa namna ambayo kusema kweli ilikuwa ni ujinga.

Nikafanya kitu ambacho mamako alinicheka. Nikapigilia msumari ukutani karibu na mlango, nikatundika mguu wa kiti niliokuwa nimeukata mfupi kwa nusu sentimita mwezi ule, mguu wangu mimi mwenyewe, nikaandika kwa penseli jina langu, tarehe, na chini yake "nilipima mara moja". Basi. Sikuhutubia. Siku tisa hakikutundikwa kitu. Ya kumi nikakuta kipande cha ule ubao uliopasuka, na jina, na maneno "nilipigilia bila kutoboa kwanza". Nikaenda na kijana mwenyewe kwa mteja, akaeleza kwa mdomo wake, akatengeneza mlango mpya na mi nikashika upande wa pili wakati anaunga. Baada ya mwaka ule ukuta ulikuwa umejaa na wageni wakija vijana wanauonyesha kama watu wanavyoonyesha vikombe vya mpira.

Na wala si karakana tu. Nimekuwa nikipekua yale madaftari yako ya chuo uliyoyaacha kwenye boksi (ndiyo, nimesoma, si uliyaacha) nikakuta umenukuu jaribio la wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, la 1998. Watoto wa darasa la tano wanapewa mafumbo rahisi, wanafanya vizuri, kundi moja linaambiwa una akili sana, jingine linaambiwa lazima umejitahidi sana. Alafu wote wanapewa magumu wanaboronga. Kisha wanaambiwa wamwandikie mtoto wa shule nyingine wasiyemjua na wamtajie walipata ngapi. Kwenye wale waliosifiwa akili, asilimia 38 walidanganya alama zao, kwenye waliosifiwa juhudi asilimia 13. Kwa mtoto ambaye hawatakutana naye kamwe! Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Sifa moja tu ya sentensi moja, na mtoto tayari ana kitu cha kuficha. Sasa hao wako wanaokopi, wengi wao pengine nyumbani wameshaambiwa wana akili, na aliyeambiwa ana akili akiacha karatasi tupu anakuwa amevunja jina, bora akopi. Kwa hiyo tundika kosa lako kwanza, mama. Kuna swali ulishawahi kukosea ubaoni, najua lipo, liandike libandike ukutani na jina lako na tarehe. Alafu subiri, hata kama ni siku 20.

Na homuweki ya kukopi nyingine kosa ni lenu. Ukitoa swali lenye jibu moja kwa watu 41 umetoa jibu moja kwa watu 41. Mwambie mmoja aje aeleze kwa mdomo namna alivyofika, si jibu ni ngapi, alianzia wapi na alikwama wapi. Kukwama hakukopiki.

Huyo wanayemwita profesa usimsifie mbele za watu. Najua unataka kumtetea ila kila ukimsifia mbele yao unamwongezea siku za kuteswa. Mwandikie pembeni ya daftari kwa penseli maneno mawili ya kitu kamili alichofanya, "hapa ulirudia mara tatu, nimeona". Na mpe mwenzake wa kukaa naye mwenye nguvu ya mwili na anayependwa, wafanye kitu pamoja, kukarabati dawati, kuchora ramani kubwa ya ukutani, kitu ambacho mwenye nguvu atamhitaji mwenye kalamu na mwenye kalamu atamhitaji mwenye nguvu.

Vitabu gani sasa. Hapa wengi mnakosea kwa sababu mwalimu wa lugha akisema "kusoma" anamaanisha hadithi, na kuna wavulana wengi hadithi haziwaingii kabisa ila wape kitabu cha namna injini inavyofanya kazi hawali. Umeshasikia habari za William Kamkwamba wa Malawi, yule kijana aliyeacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa ile njaa ya 2002, ana miaka 14. Akawa anaenda kwenye kamaktaba ka shule ya msingi kuazima vitabu asiachwe sana na wenzake. Kiingereza hakijui vizuri, akaanza na picha, anaangalia picha alafu anatafuta neno linalohusu ile picha anauliza maana yake. Kwenye kitabu kimoja cha nishati akakutana na picha ya mitambo ya upepo, akajenga wa kwake kwa feni ya trekta, baiskeli mbovu ya baba yake na miti ya mkaratusi, watu wanamwona kachanganyikiwa, mpaka taa ikawaka. Mi napenda sana ile ya kuanza na picha. Yule kijana wako anayefungua kitabu anaangalia picha tu usimnyang'anye, yuko mlangoni.

Kwa hiyo kwenye meza yako weka mchanganyiko. Magazeti ya mpira weka, ndiyo, usikunje uso. Vikatuni weka. Weka maisha ya watu, weka vya mashine, vya wanyama, ramani, mashairi, na viwili vitatu vigumu ambavyo hata wewe vinakusumbua. Cha maana nakijua hivi, mvulana akikifunga ana kitu cha kubishania. Akikifunga na hana hata swali moja basi kilikuwa cha kupoteza muda, na cha kupoteza muda nacho si dhambi ila kisiwe chakula chake cha kila siku. Mpandishe taratibu, anayesoma habari za mchezaji mpe kitabu cha maisha ya mchezaji, akimaliza mpe cha maisha ya mtu ambaye hakucheza mpira.

Ukitaka kumwanzishia mmoja wa maana, mwanzishie Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, huyu mi ndo mtu wangu sababu alikuwa fundi. Baba yake mhunzi, familia haina kitu, shule kasoma kidogo sana, 1805 akiwa na miaka 14 akapelekwa kwa mtu wa kujalidi vitabu hapo London kujifunza kazi, miaka saba. Anashona kurasa, anabandika majalada, na kile anachokijalidi anakisoma. Siku moja mikononi mwake ikaja juzuu ya Encyclopaedia Britannica, ile kamusi kubwa ya elimu, yenye makala ya umeme. 1812 mteja mmoja akampa tiketi akasikilize mihadhara ya Humphry Davy, mwanasayansi mkubwa wa wakati ule, kijana akaandika kila kitu, kurasa kama 300, na sasa sikiliza, akazijalidi mwenyewe zikawa kitabu akamtumia Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa msaidizi wa maabara, na 1831 ndo akagundua kwamba ukisogeza sumaku kwenye koili ya waya unapata umeme, ile kanuni iliyomo ndani ya jenereta unayoisikia inaunguruma hapo kazini kwako. Watu wakisimulia wanasema tazama kusoma kulivyomtoa. Mi naona ile jalidi. Angeandika mambo yaleyale kwenye makaratasi yaliyokunjamana sidhani Davy angeyapa jicho la pili. Alimtumia upande wa chini wa droo uliopigwa msasa.

Kuhusu simu sina mengi. Mi juzi nimekutumia meseji saa sita usiku ukajibu kabla sijaweka simu chini, kwa hiyo kwenye hilo tuanze na sisi.

Kipindi chako cha maadili ningekuwa mimi nusu yake ni kusoma kwa sauti na nusu ni kubishana, Adili amekosea wapi, ungekuwa wewe ungewafanyaje hao manyani wawili, alafu unyamaze kweli, waache wabishane mpaka wagombane kidogo. Ukiona wanataka kitu cha kuandika waambie habari ya Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, aliyejiandikia sifa 13 anazotaka awe nazo, kila wiki anashughulika na moja, jioni anaweka doa jeusi kwenye kijitabu kila alipoteleza. Na mwenyewe kakiri kuweka vitu kwa mpangilio kulimshinda. Kila mmoja ajitafutie kijitabu chake, sifa anachagua mwenyewe, na wewe usikikague kamwe. Watakaodanganya humo watakuwa wanajidanganya wao, na kuna wachache hawatadanganya, hutawajua ni nani.

Na mgeni wa kuja kuwahutubia usimtafute mwenye suti. Hapo shuleni kwenu si ulisema kuna mlinzi anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo? Mwombe huyo aje dakika 15 aseme anasoma nini na kwa nini. Wanaume wanaosoma wavulana hawawaoni, wapo ila wanasoma wamejificha.

Kabati la vitabu nimeshaanza kukutengenezea, mbao nilikuwa nazo za ile kazi iliyoghairiwa, mbavu mbili nimeshazipiga randa, nakuomba nipimie ukuta wa nyuma ya meza yako upana na kimo, na upime mara mbili. Mgongo wake na chini ya rafu sijavigusa makusudi. Jumamosi ya wiki ijayo ntakuja nalo, tafuta wavulana watano au sita, huyo profesa awemo na yule kinara wa kumtania awemo, msasa ntakuja nao mimi.

Baba yako